Orodha ya Baba na Kompyuta ya Nyumba Mbili

Jina langu ni Oluoch. Nina duka la kuchapisha pale Mamboleo, karibu na njia panda. Ukitoka barabarani utampita muuza viazi, kisha kinu cha kusaga cha Wakoli, kisha unanifikia. Kazi yangu kubwa ni vijitabu vya mazishi. Mtu akifariki, familia inaniletea picha na maneno, nami nachapisha. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Nimechapisha sifa za watu wema, na za wengine ambao wema wao niliusoma mara ya kwanza kwenye kijitabu.

Mwezi wa sita ilikuwa zamu ya baba yangu, Mzee Obuya. Alifariki akiwa na miaka themanini na minane. Tulipanga kumzika Jumamosi, nyumbani kwetu Asembo Bay.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama mkubwa ana nyumba yake, na mama yangu ana yake, zote katika dala moja, yaani boma moja. Calvince ni mwana wa nyumba ya kwanza. Mimi ni mwana wa nyumba ya pili, lakini nimemzidi Calvince miaka miwili. Sasa niambie, nani atajwe kwanza kwenye orodha ya watoto? Mkubwa kwa umri, au mwana wa nyumba ya kwanza?

Tulibishana jioni tatu. Watu walitoka nje kwa hasira, wakafuatwa, wakarudishwa. Mimi nilisema yangu, na nilisema kwa sauti ya juu. Jioni ya tatu baba yetu mdogo, Mzee Achola, akaamua.

"Nyumba ya kwanza itangulie. Oluoch, umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Iliniuma sana. Hata hivyo nilikubali mbele ya watu wote.

Binti yangu Lornah aliandika orodha moja kwa moja kwenye kompyuta yangu, watu wakimtazama. Yalikuwa majina hamsini na matatu: wake, watoto, wakwe, wajukuu na jamaa wa karibu. Alipomaliza, Mzee Achola akatoa amri nyingine.

"Nakala ni hiyo moja tu. Hakuna kuchapa wala kutuma kwa simu mpaka Ijumaa. Karatasi zikianza kuzunguka, kila nyumba itashika kalamu."

Kwetu jambo hilo linajulikana. Orodha ikilala katika nyumba moja, asubuhi inaamka na majina mapya.

Basi orodha ya baba ikawa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kompyuta ya mtu aliyeshindwa kwenye mabishano. Kama ingepotea, nani angeamini kwamba ni bahati mbaya?

Jumanne asubuhi tulikuwa dukani tukinywa chai. Lornah yuko mwaka wa kwanza chuoni Maseno. Anasomea kompyuta.

"Baba," akasema, "keshokutwa nina mtihani wa vitendo. Kila mtu aende na kompyuta yenye Linux."

"Linux ndiyo nini?"

"Ni mfumo endeshi, kama hii Windows yako. Mfumo endeshi ndio unaoamsha kompyuta na kuigawia kazi. Bila huo, kompyuta ni sinia tu."

"Na Windows yangu itaenda wapi? Programu yangu ya kupanga vijitabu iko humo."

"Itabaki, Baba. Kompyuta moja inaweza kubeba mifumo miwili. Ukiwasha, inakuuliza unataka upi."

Mimi nina kompyuta moja, ile ya kukunja. Lornah hana. Siwezi kumnyima mtoto mtihani. Nikamwambia sawa, tuifanye kazi hiyo leo.

Lakini moyo wangu ulikuwa kwenye orodha. Lornah alipotoka kuchota maji, nikachukua flashi yangu, ile moja niliyoifunga pamoja na funguo za duka. Nikanakili orodha humo. Nilijua ninavunja amri ya Mzee Achola, kwa hiyo sikumwambia mtu, hata Lornah. Niliona nimekuwa mjanja.

Lornah akarudi. "Baba, nipe flashi. Linux nimeshaipakua chuoni kwa simu yangu, sasa niiweke kwenye flashi. Kompyuta itawaka kutoka humo."

Nikampa ileile. Kidogo hivi akaniuliza, "Kuna kitu chako humu? Inasema vyote vitafutwa."

Hapo ningesema ukweli. Lakini siri ilinifunga mdomo. Tena nilifikiri flashi ni kama kikapu. Ukiweka samaki juu ya sukuma wiki, si mboga iko palepale chini?

"Hakuna kitu," nikasema. "Endelea."

Akaendelea. Akazima kompyuta, akaiwasha tena huku akibonyeza kitufe cha kuiambia iamke kutoka kwenye flashi. Sura mpya ikatokea kwenye kioo. Mara Wakoli akaita kutoka kinuni, "Lornah! Unga wenu uko tayari!"

"Baba, narudi sasa hivi," akasema. "Usiguse kitu."

Yawa! Mtoto kumwambia baba yake asiguse kompyuta yake mwenyewe! Nikavuta kiti. Kioo kilikuwa kinauliza swali kwa Kiingereza, na majibu yalikuwa mawili. La juu lilisema futa diski yote, uweke Linux. La chini lilisema weka Linux kando ya Windows. Mimi nilidhani diski ni ile flashi. Isitoshe, nilikuwa nimetoka kwenye jioni tatu za kuambiwa wa kwanza atangulie. Nikachagua la kwanza.

"Oyawore, Baba Lornah," sauti ikasema mlangoni. "Niazime stepla."

Alikuwa Waithera, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Wazazi wake walitoka Nyeri, lakini yeye amekaa Mamboleo miaka ishirini. Asubuhi hutusalimia kwa Kijaluo, na akikasirika hurudi kwa Kikuyu. Akatupa jicho kwenye kioo.

"Ngai! Toa mkono hapo!"

Nikautoa.

"Unajua unafanya nini?" akaniuliza.

"Naweka Linux."

"Unafuta kompyuta nzima. Diski ndiyo ghala la kompyuta. Windows imo humo, na vijitabu vyako, na picha za watu. Ungebonyeza mara moja zaidi, ungebaki na Linux peke yake."

"Si neno," nikasema. "Nina nakala kwenye flashi." Nilisema kwa maringo kidogo.

"Flashi gani?"

Nikamwonyesha ile iliyochomekwa. Waithera akaketi juu ya boksi la karatasi.

"Baba Lornah, hiyo ndiyo flashi mliyotengenezea Linux?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi nakala yako haimo tena. Kutengeneza flashi ya namna hii si kuongeza kitu kikapuni. Ni kufumua kikapu na kukisuka upya. Vilivyokuwemo vimemwagika."

Nikaona Asembo, nikaona hema, nikaona watu wote wakigeuka kunitazama.

"Tulia," Waithera akasema. "Kilichofutwa ni flashi. Kompyuta bado haijaguswa."

Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akazima, akachomoa flashi, akawasha. Windows ikaamka kama kawaida. Nikafungua orodha. Majina yote hamsini na matatu yalikuwepo. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mteja wa Wakoli akachungulia.

Lornah akaingia na unga begani. Akatutazama.

"Baba, umegusa?"

"Nimegusa."

"Na nilipokuuliza kama kuna kitu kwenye flashi?"

"Nilikudanganya, mama. Orodha ya babu yako ilikuwa humo."

Akatua unga chini, akanipa mgongo. Afadhali angenipigia kelele.

"Kazi ya Linux itafanyika," Waithera akasema, "na Windows itabaki. Lakini mimi sishiki kitu mpaka orodha iwe na nakala nje ya kompyuta hii. Na usiniambie utaiweka kwenye ile diski D. Hiyo iko humohumo ndani. Nyumba ikiungua, kabati haliponi."

Nikamweleza amri ya Mzee Achola. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnaogopa nakala zikiwa nyingi zitabadilishwa. Na hiyo moja ikiharibika? Mwizi akija? Chai ikimwagika?" Akafikiri kidogo. "Nani mwingine ana neno juu ya orodha hii?"

"Calvince. Ndugu yangu wa nyumba ya kwanza."

"Mpigie."

Sikutaka. Kumpigia Calvince na kumwambia nimekaribia kufuta orodha iliyomtaja yeye kwanza? Nilishika simu, nikaiweka chini, nikaishika tena. Lornah alikuwa ananitazama. Nikapiga.

"Uko wapi, ndugu yangu?"

"Kibuye sokoni. Naleta samaki. Kuna nini?"

"Pitia hapa dukani. Uje na flashi."

"Ya nini?"

"Njoo tu, nitakueleza."

Alifika na pikapu yake, nguo zikinuka samaki. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: flashi, uongo wangu, kitufe nilichotaka kubonyeza. Sikuficha hata moja. Alinitazama juu hadi chini.

"Oluoch," akasema mwishowe, "ungeifuta, ningeamini umefanya makusudi."

"Najua."

"Watu wote wangeamini."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita wewe kwanza."

Akanitazama tena. Kisha akaenda kwenye pikapu, akachomoa flashi kwenye redio. "Hii ina nyimbo zangu," akamwambia Waithera. "Za kanisa na za ngoma yetu ya ohangla. Zitafutwa?"

"Hazifutwi. Kunakili faili ni kuongeza tu. Kinachofuta ni kule kutengeneza flashi ya kuwekea mfumo."

Lornah akanakili orodha, na vijitabu vyangu vyote pia. Nikadhani tumemaliza, kumbe bado. Waithera akatupeleka mpaka kibandani kwake, akachomeka flashi kwenye kompyuta yake, akafungua orodha huko.

"Nakala ambayo hujaifungua kwenye mashine nyingine, usiiite nakala," akasema.

Calvince akasoma majina yote kwa kidole. Akafika mwisho.

"Hukubadilisha kitu."

"Sikubadilisha."

Waithera akaniazima flashi nyingine, tukanakili tena. "Moja kwa kila nyumba," akasema. "Mmoja akibadilisha yake, ya mwenzake itamuumbua. Hapo mzee wenu ataogopa nini?"

Tukarudi dukani kuanza kazi sasa kwa utaratibu. Lornah ndiye aliyeshika kompyuta. Waithera alieleza, sisi wawili tukasikiliza.

"Chukua diski kuwa ni dala," akasema. "Windows imejenga nyumba moja, lakini ua imezungushia uwanja wote. Kwanza tunaiomba irudishe ua nyuma. Ndani ya Windows kuna mahali pa kupunguza sehemu yake ya diski. Tunafanya hivyo tukiwa humo, na kipande kinachobaki tunakiacha kitupu. Hapo ndipo Linux itajenga."

"Na kila nyumba jiko lake," Calvince akasema.

"Kabisa. Na huwezi kuwa katika nyumba zote mbili kwa wakati mmoja. Ukitaka kuhama, unazima, unawasha, unachagua pale langoni."

Calvince akatikisa kichwa. "Baba angeipenda mashine hii."

Tukacheka, mimi na yeye, mpaka machozi. Tangu baba afariki hatukuwa tumecheka pamoja.

Diski yangu ilikuwa na nafasi ya kutosha. Lornah akatenga gigabaiti hamsini kwa ajili ya Linux.

"Sasa Windows izimwe kabisa," Waithera akasema. "Ina tabia ya kusinzia. Unadhani imezima, kumbe imeacha mlango wazi nusu ili iamke haraka. Linux ikiingia wakati huo, faili zinaweza kuharibika. Nenda kwenye mipangilio ya umeme, uiondoe tabia hiyo."

Lornah akaiondoa.

"Kitu kingine. Kuna kompyuta ambazo diski yake imefungwa kwa namba ndefu ya siri, ndiyo ufunguo wake. Kama ni hivyo, andika ule ufunguo wake mrefu kwenye karatasi kabla ya kugusa lolote, la sivyo Windows inaweza kukudai ufunguo na wewe huna. Yako nimeangalia, haijafungwa. Haya, na stima je? Betri yako inashika?"

"Dakika kumi," nikasema, "ikiwa na furaha."

Na dukani kwangu kinu kikiwaka, taa zinafifia. Waithera akaleta lile boksi lake linalohifadhi umeme, tukachomeka kompyuta humo. Mimi nikatoka nje.

"Wakoli! Usiwashe kinu kwa nusu saa!"

"Nina gunia la mtu hapa!"

"Ni mambo ya mazishi ya baba!"

Kisha nikamsikia akimwambia mteja wake aketi, asubiri. Wakoli ni mtu mzuri, ingawa mizani yake sina uhakika nayo.

Lornah akachomeka flashi ya Linux, tukarudi kwenye lile swali la majibu mawili. Safari hii akachagua la chini: weka Linux kando ya Windows. Mashine ikaonyesha itakachofanya, sehemu kwa sehemu, kabla ya kuanza.

"Soma kwa sauti," Waithera akamwambia.

Akasoma. Sehemu ya Windows isingeguswa. Kile kipande kitupu ndicho kingejengwa.

"Soma tena."

Akasoma tena, ndipo akabonyeza.

Tulingoja kama dakika ishirini na tano. Mashine ikajiwasha upya. Kwenye kioo cheusi ikatokea mistari michache meupe. Juu kabisa Linux, na Windows huko chini.

"Ala!" Calvince akasema. "Aliyekuja jana ndiye ametangulia?"

"Ni orodha tu," Lornah akajibu. "Ukikaa bila kugusa, baada ya sekunde chache inaingia ya juu yenyewe. Ukitaka Windows, unashuka kwa mshale. Wa juu hamzidi wa chini kitu, Baba mdogo. Wote ni wa kompyuta moja."

Alikuwa anamjibu Calvince, lakini mimi ndiye niliyesikia. Nilitazama ile mistari kwa muda.

Tukaingia Linux, ikafunguka. Tukazima, tukawasha, tukaingia Windows. Programu yangu ilikuwepo, na orodha ya baba ilikuwepo. Nikamwita Wakoli asage.

Kesho yake nilipata hofu ndogo. Nilifungua Windows saa nne asubuhi, nayo ikaniambia ni saa moja. Nikavuka barabara mbio. Waithera hata hakuinua kichwa kutoka kwenye simu aliyokuwa akiitengeneza.

"Haijaharibika. Ndani ya kompyuta kuna saa moja ambayo mifumo yote miwili inaisoma. Linux huiweka kwa saa ya dunia. Windows inadhani ni saa ya hapa. Na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mwambie Lornah aiamuru Linux ifuate saa ya hapa."

Lornah aliandika mstari mmoja tu kwenye Linux, na nyumba mbili zikaanza kula kwa wakati mmoja.

Alhamisi alikwenda Maseno na kompyuta begani. Jioni alinipigia. Kazi zote alizopewa zilikubali, na mwalimu aliuliza nani alimfundisha kupunguza diski vizuri namna ile. Ijumaa niliingia Windows, nikachapisha vijitabu mia nne vya baba. Nilivikunja kimoja kimoja, maana picha ya mbele nilikuwa nimeipiga mwenyewe.

Jumamosi hema lilijaa. Vijitabu viligawanywa. Kabla msomaji hajaanza, binamu yetu mmoja wa upande wa mama mkubwa akasimama na kijitabu mkononi.

"Ngojeni! Orodha hii siyo! Mbona jina la mke wangu liko ukurasa wa nyuma? Kompyuta ni ya Oluoch. Ameipanga upya!"

Watu wakageuka kunitazama. Ni vilevile nilivyoona Jumanne, Waithera aliponiambia nakala haimo tena.

Calvince akainuka. Akatia mkono mfukoni, akatoa flashi ya pikapu yake, akaiinua juu.

"Orodha ya baba imekaa kwangu tangu Jumanne," akasema. "Jana usiku nimeisoma tena na nimeilinganisha na kijitabu, jina kwa jina. Ni ileile tuliyokubaliana. Mkeo yuko pale ulipomweka wewe mwenyewe. Keti."

Binamu akaketi.

Mzee Achola akageuza shingo polepole. "Kumbe nakala zilikuwa mbili?"

"Moja kwa kila nyumba, Baba," Calvince akajibu.

Mzee akagonga ardhi na fimbo yake mara mbili, tatu. Nilingoja anikemee.

"Hivyo ndivyo ningepaswa kusema tangu mwanzo," akasema. "Msomaji, wasomee watu."

Msomaji akaanza. Akataja mama mkubwa, akataja mama yangu. Akafika kwa watoto.

"Calvince Obuya."

Calvince akasimama.

"Oluoch Obuya."

Nikasimama kando yake, naye akasogea kidogo ili nipate nafasi.